Darubini ikipinduka mwenyewe nimelala

Mhariri,

Jumapili iliyopita mlichapisha barua ya ndugu mmoja wa Kitengela, na chini yake picha aliyoipiga mwenyewe ya lile wingu la gesi na vumbi la angani lililo kwenye upanga wa Orioni, lile kundi la nyota. Picha ni nzuri, sina ubishi. Ubishi wangu ni juu ya barua. Anasema siku hizi wamezuka wapiga picha za nyota wa kitandani: wanatega darubini juu ya paa, wanaiachia kompyuta kazi, wanaingia ndani kulala, na asubuhi wanajiita wanajimu. Lililomkera zaidi ni kwamba tunaiachia mashine hata ile kazi ya kuipindua darubini katikati ya usiku. Kwake yeye, asiyeamka akaipindua kwa mkono wake hajapiga picha.

Mimi ni mmoja wa hao wa kitandani. Nina kibanda cha kutengeneza redio, amplifaya na simu katika barabara ya Luthuli, naishi Pangani, na darubini yangu iko juu ya paa la nyumba tunayopanga, kati ya matangi ya maji na kamba za kuanikia nguo. Nafungua saa mbili asubuhi. Mteja aliyeacha amplifaya ya harusi hataki kusikia kwamba fundi hakulala kwa sababu anga lilikuwa safi.

Nianze na huo mpinduo wenyewe, maana nahisi wasomaji wengi waliisoma ile barua wakadhani ni jambo la kugeuza shingo ya darubini tu.

Darubini ya kupigia picha haikai juu ya miguu mitatu kama kamera ya studio. Inabebwa na kichwa cha chuma chenye injini, sisi tunakiita maunti, kinachoizungusha polepole ili ifuate nyota, nyuzi (digrii) kumi na tano kwa saa, yaani uzi mmoja kila dakika nne. Maunti iliyoenea zaidi ni ile ya Kijerumani, ya mtindo aliouanzisha Joseph von Fraunhofer kwa darubini kubwa ya Dorpat mwaka 1824. Darubini iko upande mmoja, vyuma vya kuisawazisha viko upande wa pili. Waliokulia pwani kama mimi watanielewa nikisema ni mzegamzega: mti begani, debe la maji mbele, debe nyuma.

Nyota ikitoka mashariki, darubini inakaa juu na vyuma viko chini. Kadiri nyota inavyopanda, vyuma navyo vinapanda na darubini inashuka, mpaka nyota ifike kwenye ule mstari wa anga utokao kaskazini kwenda kusini kupitia utosini, meridiani. Hapo darubini na vyuma viko sawa, kama mizani ya duka isiyo na kitu. Nyota ikishavuka, vyuma vinazidi kupanda, na kitako cha darubini, penye kamera na nyaya zote, kinazidi kushuka kuelekea miguu ya chini. Ukiiacha iendelee, kitagonga. Ndipo mchota maji anapohamishia mzega wake bega la pili: maunti inazunguka nusu duara kwa mhimili mmoja, inageuka kwa mhimili wa pili, darubini iliyokuwa magharibi inaangukia mashariki, na macho yanabaki kwenye nyota ile ile. Hiyo ndiyo kazi yote. Maunti za namna nyingine, zile zenye uma, hazina shida hii, lakini sizo tulizo nazo wengi.

Mimi nauita mpinduo, wala simaanishi mapinduzi ya serikali. Neno nimelirithi. Babu yangu mzaa mama alikuwa muadhini wa msikiti mdogo Mji wa Kale, Mombasa, na uani mwa msikiti alikuwa na kijiti alichokisimika wima. Asubuhi kivuli cha kijiti ni kirefu, kinafupika, kinafupika, kinasimama, halafu kinaanza kurefuka upande wa pili. Hapo anasema "jua limepinduka", anapanda kuadhini adhuhuri. Sisi watoto tulikuwa tunamharakisha kwa sababu baada ya swala ni chakula. Hakuharakishika. Jua likiwa pale pale utosini si wakati wa kusali. Linasubiriwa livuke kwanza. Hilo la kusubiri livuke nawaomba mlishike, nitalirudia.

Leo hakuna muadhini ninayemjua anayekodolea macho kijiti. Ratiba imebandikwa ukutani, nyingine iko kwenye simu, na hesabu iliyo ndani yake ni ile ile ya kijiti. Hapa Nairobi saa zetu za mkononi zimepangwa kwa nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita karibu na Mogadishu, wakati sisi tuko karibu nyuzi 37. Ndiyo maana jua letu halipinduki saa sita kamili. Mwanzoni mwa Novemba linapinduka kama saa sita na dakika kumi na sita, na wiki hizi za katikati ya Februari ndipo linapochelewa kuliko wakati wote wa mwaka, saa sita na dakika arobaini na saba hivi. Ratiba inayajua yote hayo. Sijasikia mtu akisema swala ya anayefuata ratiba haikuswihi kwa sababu hakusimama juani na kijiti.

Basi nami kwa miaka mitatu nilisimama na kijiti. Nilikesha kama anavyotaka ndugu wa Kitengela. Wingu la Carina, jingine la gesi kama lile la Orioni, kwa mfano, katikati ya mwezi huu linakata meridiani mwendo wa saa saba na nusu za usiku. Nilitega simu iniamshe saa saba na robo. Ghorofa nne za ngazi, kikoi chini na jaketi juu, tochi nyekundu mdomoni. Nasimamisha kamera kubwa, nasimamisha ile kamera ndogo ya kuongoza, inayoshika nyota moja ili maunti isipotee njia, nazikusanya nyaya kwa mkono wa kushoto zisinase, nabonyeza maunti igeuke. Baada ya hapo ndipo kazi inapoanza, maana wingu lazima lirudi mahali pale pale kwenye fremu. Napiga picha ya majaribio, nailinganisha na za mwanzo, lakini hii sasa imesimama kichwa chini, kwa hiyo nikisogeza kulia inakwenda kushoto, na saa saba za usiku akili ya kuligeuza hilo kichwani sina. Usiku mzuri nilimaliza kwa dakika arobaini. Usiku mbaya mawingu ya kweli, ya mvua, yalinikuta bado natafuta la Carina.

Mke wangu alikuwa akisema nakesha kama mlinzi wa geti, tofauti ni kwamba mlinzi analipwa. Nilimpuuza mpaka siku niliyosinzia kazini na chuma cha kulehemu mkononi nikaunguza bodi ya redio ya mzee mmoja wa Eastleigh, redio ya mbao aliyoipenda kuliko gari lake. Nililipa. Na bado hanisalimii vizuri.

Wiki hiyo hiyo ndipo nilipoamua kuifundisha kompyuta kupindua. Programu ninayotumia inaitwa N.I.N.A., haiuzwi, unaipakua bure. Wenzangu wanaotumia Linux wana Ekos, na kuna visanduku vya kununua vinavyofanya kazi hiyo hiyo bila kompyuta. Inavyokwenda ni hivi. Programu inajua ninachokipiga na saa kitakapovuka. Ikiona zimebaki dakika mbili na kila picha yangu inataka dakika tatu, haianzi picha mpya, inatulia. Kitu kinavuka. Haipindui bado, nimeiambia ingoje dakika tano zaidi. Kisha inamwambia muongozaji aache kuongoza, inaiamuru maunti iende tena kwenye kitu kile kile, na maunti ikiona kitu kimeshaingia magharibi inajua yenyewe kwamba njia sasa ni ya bega la pili. Ikishatua, programu inapiga picha fupi, inazisoma nyota zilizomo kama mtu anavyosoma ramani, inajua darubini inaelekea wapi hasa, inasahihisha, inapiga tena, mpaka wingu lirudi mahali pake. Muongozaji, kwangu ni programu ya PHD2, anaambiwa juu sasa ni chini, anashika nyota yake, na picha zinaendelea. Tangu maunti ianze kugeuka ni dakika nne au tano, na kuna usiku ambapo zaidi ya nusu ya muda huo ni kusubiri mtetemo utulie.

Kwa nini ingoje zile dakika tano? Kwa sababu ile ile ya babu. Maunti ina akili yake ndogo na saa yake yenyewe. Ukiiamuru iende kwenye nyota ambayo kwa hesabu yake haijavuka, itaona haina sababu ya kubadili bega, itabaki ilipo. Lazima livuke kwanza, tena livuke kwa saa ya wote wawili.

Mara ya kwanza sikulala. Nilisimama kando, mikono nyuma, kama baba anayemtazama mtoto akiendesha baiskeli bila kushikwa. Injini zikabadili sauti, kutoka ule mlio mwembamba usiosikika hadi mlio wa cherehani. Darubini ikanyanyuka, ikapita juu ya vyuma vyake ikiwa imelala, ikashuka upande wa pili ikageukia juu taratibu, na waya mmoja ukakwaruza, ukajiachia. Kimya. Kamera ikalia: klak. Nikashuka nikamwamsha mke wangu nimsimulie, kosa ambalo sijalirudia.

Sasa nije kwenye usiku ambao ndugu wa Kitengela angefurahi kuwepo.

Desemba tulikwenda Kisumu kwa shemeji yangu, nikaibeba darubini ndani ya gari ili watoto wa huko waone pete za Zohali na wazee wapate la kuzungumza. Kule nikaiandikia maunti mahali ilipo, longitudo ya Kisumu. Tukarudi. Ijumaa moja katikati ya Januari anga la Pangani likawa safi ajabu, nikatega juu ya wingu la Orioni. Nilipoiunganisha kompyuta na maunti, programu iliniuliza swali: mahali palipoandikwa kwenye kompyuta na mahali palipoandikwa kwenye maunti hapalingani, nifuate papi? Nilikuwa na mteja sikioni anayelalamikia betri ya simu. Nikabonyeza kwamba iache vivyo hivyo.

Usiku ule wingu la Orioni lilikuwa likivuka saa nne na nusu. Nikasali isha, nikala, nikalala mapema nikijisifu.

Kisumu iko magharibi ya Nairobi kwa nyuzi mbili na kidogo. Zidisha kwa dakika nne: dakika nane. Kompyuta yangu ilikuwa Pangani, maunti bado ilikuwa Kisumu. Ilipofika saa nne na dakika thelathini na tano, kompyuta ikaamuru mpinduo. Maunti ikaangalia saa yake ya Kisumu, ikaona wingu bado dakika tatu kuvuka, ikabaki begani pale pale. Kompyuta ikapiga picha yake fupi, ikazisoma nyota, ikakuta wingu liko katikati kabisa, kwani lingekwenda wapi, ikaandika kwenye daftari lake kwamba mpinduo umekamilika. Ikaendelea na picha. Mimi naendelea na usingizi. Darubini inaendelea kushuka, uzi mmoja kila dakika nne, kuelekea mguu wa tripodi.

Aliyeisikia ni kijana wangu wa mwisho, aliyekuwa amepanda juu ya paa karibu saa sita kuzungumza na simu, na sijamuuliza alikuwa akizungumza na nani. Akanigongea mlango: "Baba, darubini yako inakoroma." Na kweli ilikuwa inakoroma. Kamera imeegemea mguu wa chuma, injini inasukuma, inateleza, inasukuma, krrr, krrr. Plagi ya waya wa data ilikuwa kati ya kamera na mguu, imepinda kama msumari uliopigwa vibaya.

Ile kamera ni ya kawaida, ya mitumba; nilishaifungua zamani nikatoa kioo kinachozuia mwanga mwekundu wa haidrojeni, ule wa nanomita 656, ambao ndio rangi ya mawingu haya. Kwa hiyo ndani yake napajua. Jumamosi asubuhi mteja wa kwanza kwenye kibanda changu nilikuwa mimi mwenyewe. Soketi ilikuwa imeng'oka na njia mbili za shaba zimetoka nayo kwenye bodi. Nikachomoa soketi kama hiyo kwenye kamera mfu iliyokuwa kwenye kopo la vipuri, nikailehemu, nikaziba pengo la njia kwa nyuzi mbili za waya mwembamba kama unywele chini ya lenzi ya kukuzia, nikadondosha gundi juu. Inafanya kazi mpaka leo. Msaidizi wangu aliuliza tumtoze nani.

Ndugu wa Kitengela atasema, si unaona? Naona. Lakini ninachokiona si kwamba nilipaswa kuwepo saa nne na nusu. Nilipaswa kuwepo saa kumi na mbili na nusu, nilipoulizwa swali nikajibu na simu sikioni. Usiku ule ningekesha kwa mkono nisingegonga, ni kweli. Ningelala tu kwenye bodi ya mtu Jumamosi. Kazi ya mpinduo haikuondoka, imehamia jioni, kabla giza halijaingia. Sasa nikiunganisha, maunti inachukua saa na mahali kutoka kwenye kompyuta, hakuna la kuacha vivyo hivyo. Kuna kisanduku kwenye programu nilikuwa sijakitia alama, kinachoifanya iiulize maunti iko upande gani badala ya kudhani, nimekitia. Ndani ya maunti kwenyewe nimeweka mpaka: kitu kikivuka meridiani kwa dakika ishirini na wewe bado hujapinduka, simama, usifuate tena, hata kompyuta iseme nini. Na jioni, kukiwa bado kuna mwanga, nainyanyua darubini kwa mkono na kuipitisha njia yote ya mpinduo, huku natazama nyaya. Waya ukinasa saa kumi na mbili utanasa na saa saba.

Hapa nina la kuongeza ambalo halikuwemo kwenye barua yake, na naamini ndugu wa Kitengela naye analijua vizuri. Maelekezo mengi ya kazi hii yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani. Wanakuambia ulenge mhimili wa maunti kwenye Nyota ya Kaskazini. Sisi hiyo nyota iko chini ya upeo wetu. Ncha ya kusini ya anga nayo iko juu ya upeo kwa uzi mmoja na kidogo tu, kwangu imejificha nyuma ya tangi la maji la jirani. Mhimili wetu unalala karibu sambamba na paa, na vyuma vya mizani vikining'inia chini vinatafuta mguu wa tripodi. Tunalenga kwa njia nyingine: programu inapiga picha tatu huku maunti ikizunguka, inasoma nyota, inapiga hesabu mhimili unaelekea wapi, na kukuambia ukaze skrubu ipi. Huhitaji kuiona ncha yenyewe.

Kwa mpinduo tofauti ni kubwa zaidi. Mtu wa London kwake Orioni anapita chini chini upande wa kusini, darubini yake imelala kiasi, kamera iko mbali na miguu. Kwetu wingu lile linapita nyuzi nne tu kutoka utosini. Darubini inasimama wima kabisa, na kamera inaning'inia katikati ya miguu mitatu. Dakika zile ambazo wa London anaweza kuzipuuza, kwetu zina mguu wa chuma ndani yake. Baada ya Januari nilikwenda Kamukunji kwa mafundi wa jua kali, wakanichomelea nguzo moja ya bomba nene juu ya bamba zito, kimo cha kiunoni. Mwenye nyumba hakukubali nitoboe zege, kwa hiyo bamba limebanwa na magunia ya mchanga. Halina miguu ya kugongwa. Fundi aliniuliza ni ya kuwekea nini, nikamwambia darubini. Akaandika kwenye risiti "stendi ya dishi".

Katika jambo moja namkubali ndugu yangu. Kijana anayenunua kisanduku leo na kukiachia mpinduo usiku wa kwanza hajui sauti ya kuogopa. Mimi niliyaona mambo hayo kwa mkono kwanza, kwa hiyo nikisikia cherehani imekuwa mkoromo najua kitu gani kimegusa kipi. Aipindue kwa mkono miezi miwili, mitatu. Lakini akishajua, alale. Saa nane za kukesha hazimuongezei wingu hata chembe moja ya mwanga.

Leo usiku, mawingu yakiruhusu, niko kwenye Carina. Mpinduo ni saa saba na dakika thelathini na kitu. Simu iko chini ya mto, itatetemeka mara moja darubini ikitua upande wa pili, mara tatu ikikwama.

La mwisho, Mhariri, ni kuhusu ile picha ya Kitengela. Kile kijiwingu cha samawati kilicho kaskazini ya wingu kubwa kimekaa chini yake. Ama aliipiga baada ya mpinduo, ama mmeigeuza nyinyi mezani. Nusu ya picha zangu za kila usiku ziko hivyo hivyo. Programu ya kuzirundika picha zote ziwe moja inatambua pembetatu za nyota na kuzigeuza picha hizo yenyewe, na kivuli cha kila punje ya vumbi kwenye kamera kinaangukia upande wa pili wa wingu, jambo linalonisaidia kukifuta. Msihangaike kuomba radhi toleo lijalo. Hapa Nairobi Orioni anapita juu ya vichwa vyetu: ukimtazama umeelekea kusini amesimama, ukigeuka ukaelekea kaskazini amening'inia kichwa chini. Aliyepanga ukurasa alikuwa ameelekea kaskazini tu.

Fundi wa redio,
Pangani, Nairobi